Cha Kuchomeka na Cha Kulehemu: Viungo vya Kompyuta ya Mpakato na Istilahi Zake

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili pamoja na kompyuta, ni chache zilizopokewa kwa wepesi kama hii ya kompyuta ya mpakato. Kitenzi pakata ni cha nyumbani: mama humpakata mwanawe, na babu humpakata mjukuu barazani jioni. Waliolichukua neno hilo wakaiweka kompyuta mapajani hawakuhitaji kumweleza mtu maana yake. Wengine wameunganisha pakata na tarakilishi wakapata kipakatalishi, neno linalosikika zaidi katika shule za Kenya, nasi hatuna ugomvi nalo. Shida tunayokusudia kuieleza katika makala hii haiko kwenye jina la mashine. Iko kwenye majina ya vitu vinavyochomekwa, vinavyobandikwa na vinavyoongezwa katika mashine hiyo, ambavyo hadi sasa hati nyingi huvitaja kwa maneno mawili tu, yaani vifaa vya ziada na kuboresha. Maneno hayo mawili yamekwisha kutia watu hasara.

Yafaa tuanze na mfano unaotuhusu sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliletewa tafsiri ya hati ya zabuni ya ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ili tuipitie. Ofisi hiyo ilitaka kompyuta za mpakato za daraja la juu, na kwa kuwa fungu la mwaka ule lilikuwa dogo, iliamua kuchukua zenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kisha iziongezee mwaka utakaofuata. Maelezo ya Kiingereza ya mwuzaji yalisema kwamba mnunuzi aweza kuchagua gigabaiti 8 au 16 wakati wa kuagiza. Mfasiri aliandika kwamba kumbukumbu "inaweza kuboreshwa hadi gigabaiti 16". Tulisoma, tukasahihisha nukta na mikato, tukaipitisha. Mwaka uliofuata fundi aliifungua mashine ya kwanza, akatafuta tundu la kuchomekea kumbukumbu mpya, asilione. Kumbukumbu ilikuwa imelehemiwa juu ya ubao mkuu. Mwuzaji hakuwa amesema uongo hata kwa neno moja. Kosa lilizaliwa katika Kiswahili, nasi ndio tuliokuwa zamu mlangoni.

Ili kuona jinsi kosa la namna hii linavyotokea, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kompyuta ya kwanza ya kuchukulika iliyouzwa kwa wingi ilikuwa Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, bei yake dola 1,795, na betri haikuwamo; ilichomekwa ukutani kama pasi. Umbo lake lilikuwa la cherehani ya mkono iliyofungwa katika sanduku lake. Kwa hakika ilibebwa, lakini hakuna aliyeipakata kwa raha. Mwaka uliofuata, 1982, ikaja GRiD Compass, iliyobuniwa na Bill Moggridge, ambayo kioo chake kilikunjwa kikalala juu ya kibodi. Umbo hilo ndilo lililoshinda, na hata leo kompyuta zote za mpakato ni wajukuu wake. Bei yake ilikuwa dola 8,150, kwa hiyo wengi waliisoma magazetini tu.

Mashine itakayotufaa zaidi kwa somo letu ni ThinkPad ya kampuni ya IBM, kwa sababu imeishi muda mrefu na viungo vyake vinaeleza historia nzima. Ile iliyoitwa 700C ilitangazwa Oktoba 1992. Umbo lake jeusi lilitokana na fikira za Richard Sapper, Mjerumani aliyefanya kazi Milano, ambaye alitaka kitu kilichofungwa kimya kama kisanduku cha chakula cha Wajapani, kisichoonyesha kilichomo mpaka kifunguliwe. Bei ilikuwa dola 4,350. Kioo chake cha rangi kilikuwa cha inchi 10.4, kumbukumbu yake ilianzia megabaiti 4 na iliweza kuongezwa, na diski kuu ya megabaiti 120 ilichomolewa ikachomekwa nyingine. Mwenye mashine hiyo alikuwa katika hali ya mtu mwenye baiskeli: leo ananunua baiskeli tupu, mwisho wa mwezi anatia keria, baadaye dinamo na taa, na kengele ikimchosha anaing'oa.

Desturi hiyo iliendelea kwa miaka ishirini. Katika miaka ya 1990 ThinkPad zilipewa nafasi ubavuni iliyoitwa UltraBay, ambayo kwa saa moja ilikaa kisomeo cha diski za santuri, na saa nyingine ikakaa betri ya pili au diski ya pili. Kadi nyembamba za PCMCIA, zenye ukubwa wa milimita 85.6 kwa 54, zilichomekwa kando zikaleta modemu au mtandao. Kampuni ya Lenovo ya China iliponunua kitengo hicho cha IBM mwaka 2005, iliirithi desturi hiyo pamoja na jina. Katika kipindi hicho chote, mfasiri aliyeandika "inaweza kuboreshwa" alikuwa salama, kwa maana karibu kila kiungo kiliweza kuchomolewa na mtu mwenye bisibisi na subira.

Mambo yaligeuka katika safari ya kutafuta wembamba. Januari 2008 Steve Jobs aliitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya ofisi mbele ya watazamaji, na kumbukumbu ya mashine hiyo ilikuwa imelehemiwa. Juni 2012 MacBook Pro mpya yenye kioo cha Retina ikafuata njia hiyo hiyo, na betri yake ikabandikwa kwa gundi. Mwaka huo huo ThinkPad nayo ikatoa X1 Carbon, nyembamba, nyepesi, yenye kumbukumbu iliyolehemiwa na betri ya ndani. Zile kubwa zaidi zilichelewa kufuata. T480 ya mwaka 2018 bado ilikuwa na matundu mawili ya kumbukumbu na betri ya nyuma iliyochomolewa kwa vidole viwili. Mdogo wake T490, wa mwaka 2019, alikuwa na tundu moja tu, nusu ya kumbukumbu ikiwa imeganda ubaoni, na betri imefungiwa ndani. Mtu aliyeziona mbili hizo zikiwa mezani zimefungwa hakuweza kuambiwa na macho kwamba moja itapokea nyongeza nyingi na nyingine chache.

Lawama hapa si ya tamaa ya wauzaji peke yake, ingawa tamaa haikukosekana. Kuna aina ya kumbukumbu inayotumia umeme kidogo, ambayo huipa betri maisha marefu, na aina hiyo hutaka njia fupi sana kati yake na kichakato. Kuiweka katika tundu la kawaida kuliurefusha mwendo huo kupita kiasi. Mhandisi alilazimika kuchagua, akachagua lehemu.

Wakati nyumba ya ndani ikifungwa, uwanja wa nje ulikuwa ukifunguliwa, na hili ndilo jambo ambalo istilahi zetu hazikuliona kabisa. Oktoba 1992, mwezi ule ule wa ThinkPad ya kwanza, kampuni ya Apple ilitoa PowerBook Duo, kompyuta ndogo iliyosukumwa nzimanzima ndani ya sanduku la mezani kama kanda ya video, ikapata huko kioo kikubwa, disketi na nyaya zote. ThinkPad nazo zilikuwa na vituo vyao, vilivyoshika tumbo la mashine kwa meno maalumu. Uovu wa vituo hivyo ni kwamba kila ukoo wa mashine ulikuwa na meno yake, na kompyuta ilipobadilishwa kituo kikawa pambo. Kiunganishi cha USB kilianza mwaka 1996, kile cha umbo la C kikasanifiwa mwaka 2014, na leo tundu moja dogo la mviringo laweza kupokea umeme, kupeleka picha kwenye kioo cha pili na kubeba mafaili. Umoja wa Ulaya, kwa amri yake ya mwaka 2022, uliweka tarehe 28 Desemba 2024 kwa simu na tarehe 28 Aprili 2026 kwa kompyuta za mpakato kuwa siku za kuanza kulazimika kuchajiwa kwa tundu hilo moja.

Kwa hiyo kanuni ya mnunuzi imepinduka. Zamani alinunua vya nje kwa hadhari, kwa kuwa vilifungamana na mashine moja, na vya ndani aliviahirisha. Sasa vya ndani havina kesho: kiasi cha kumbukumbu, na katika baadhi ya mashine hata diski kuu, huamuliwa siku ya kulipa. Vya nje, yaani kipanya, kibodi ya mezani, kioo cha pili, chaja ya akiba, vyaweza kungoja fungu lijalo na vitahamia kwenye mashine itakayofuata. Ofisa mwenye fedha kidogo aliyenunua mkoba wa ngozi na kipanya kisicho na waya, akaacha kuongeza kumbukumbu, amevaa kofia nzuri akasahau viatu.

Je, kwa nini Kiswahili hakikuwa tayari? Sababu moja ni ya kihistoria. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, amri iliyolegezwa baadaye. Mashine zilipoanza kuja kwa wingi, zilikuja zimekamilika, na majina yao yakaja nazo. Sababu ya pili, ambayo twaiona kuwa nzito zaidi, ni kwamba kazi kubwa za kusanifu istilahi za kompyuta zilianzia kwenye kioo. Desemba 2004 mradi uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za programu nazo zikafuata. Kazi hizo zilikuwa za kupongezwa, ila orodha zake zilikusanywa kutokana na maandishi yanayoonekana mtumiaji anapofungua programu. Kumbukumbu iliyo chini ya kibodi haiandiki jina lake kwenye kioo. Ikaachiwa fundi, na fundi akasema ramu, chaja, sloti, akaendelea na kazi yake. Hatumlaumu. Yeye huonyesha kwa kidole. Mwandishi wa zabuni hana kidole.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe.

Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Kupangusa vumbi ni kuboresha, kupaka rangi ni kuboresha, na kuandika barua upya ni kuboresha. Neno hilo halisemi ni nani aboreshaye, lini, wala kwa kuongeza nini. Wapo waliopendekeza kupandisha daraja, nasi tulilifikiria kwa muda, kwa kuwa lina historia ya heshima katika treni na katika utumishi. Lakini mtumishi hupandishwa daraja yeye mzima, kwa barua na mshahara. Hakuna aliyepandishwa daraja kwa kubadilishwa figo. Kusasisha, ambalo limetokana na sasa, limekwisha kushika mizizi katika programu, na lingebaki huko: programu husasishwa, chuma hakisasishwi.

Kwa jambo la kutia kiungo chenye uwezo mkubwa zaidi ndani ya mashine, twaona kuongezea yatosha, nacho kiungo chenyewe kiitwe kiongezeo. Kiungo kinachochukua nafasi ya kilichokufa bila kuzidisha uwezo, kama betri mpya mahali pa betri iliyochoka, kina jina tayari, nalo ni kipuri. Watu wa magari wamelitumia kwa miaka mingi na halina haja ya kubuniwa upya. Tofauti hii si ya wanaisimu tu. Kipuri hulipiwa katika fungu la matengenezo, kiongezeo katika fungu la ununuzi, na mhasibu anayevichanganya huulizwa na mkaguzi.

Vya nje tungeviita vikorombwezo. Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watacheka, wakidhani neno hilo ni la mzaha au la jikoni. Lakini maana yake ndiyo hasa tunayoitafuta: vitu vidogo vinavyoandamana na kitu kikuu ili kikamilike au kipendeze, ambavyo vikikosekana kitu kikuu hakifi. Vifaa vya ziada ni neno la adabu zaidi, lakini ziada humaanisha pia kilichobaki, na tumewahi kuona hati ya ghala ambamo chaja zilizokuja na mashine zilihesabiwa kuwa ziada zikagawiwa idara nyingine. Kile kituo cha mezani cha kuunganishia tungekiita gati. Chombo huja gatini kikapakia na kupakua, kisha hung'oa nanga kikaondoka. Kompyuta hufanya hivyo hivyo asubuhi na jioni. Wenzetu wa bara waliokataa wanasema gati ni la meli. Tunawajibu kwamba hata lugha tulikochukua kifaa hicho ilikipa jina la bandarini.

Lakini utajiri wenyewe wa Kiswahili katika jambo hili hauko kwenye majina. Uko kwenye vitenzi. Lugha yetu ina mnyambuliko wa kutengua, ambao kwa silabi moja hukirudisha kitendo kilikotoka: funga na fungua, kunja na kunjua, bandika na bandua, chomeka na chomoa. Mtu akisikia chomeka, chomoa tayari imo masikioni mwake. Lehemu haina mwenzake wa namna hiyo. Aliyelehemu lazima alete moto. Basi tukisema kumbukumbu ya kuchomeka na kumbukumbu ya kulehemu, diski ya kuchomeka na diski ya kulehemu, betri ya kuchomoa na betri ya gundi, tumemweleza mnunuzi jambo ambalo karatasi nzima ya vipimo huenda isimweleze. Wala hatukubuni neno hata moja. Tuongeze na kauli ya kutendeka, haichomoki, haibanduki, haifunguki, ambayo humaliza ubishi wote kwa neno moja la kitenzi. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mfano wa kuwapa wanafunzi sababu ya kujifunza minyambuliko asiende mbali.

Jambo la tatu lililotuponza katika ile zabuni ni wakati. Kiingereza cha mwuzaji kilikuwa na neno moja kwa kiasi kinachochaguliwa kiwandani na neno jingine kwa kiasi kinachoongezwa baadaye, nasi tuliyamimina yote mawili katika kuboresha. Tunapendekeza la kwanza lifasiriwe siku zote kwa kuchagua, pamoja na maneno wakati wa kuagiza, hata kama sentensi itarefuka. La pili lifasiriwe kwa kuongezea, na mfasiri aseme wazi kama mwenye mashine huongeza mwenyewe au ni mpaka fundi.

Hadhari moja kuhusu matundu ya nje. Umbo la tundu haliahidi kazi yake. Matundu mawili ya USB ya umbo la C yaliyo ubavu mmoja yaweza kutofautiana, moja likapeleka picha na jingine lisipeleke, na chaja ndogo ya simu itaingia vizuri katika kompyuta inayotaka wati 65 lakini isiishibishe. Kwa hiyo mfasiri asiridhike kuandika tundu la C. Aandike na kazi: la umeme, la picha, la mafaili tu.

Huenda msomaji akauliza kama inafaa kusumbuka na istilahi za jambo linalobadilika upesi hivi. Ni kweli kwamba mpaka kati ya kuchomeka na kulehemu unahama tena. Mwaka 2021 kampuni mpya ya Framework ya Marekani ilitoa kompyuta ambayo mwenyewe huifungua kwa bisibisi iliyomo sandukuni na kubadilisha hata matundu. Mwaka 2024 ThinkPad T14 ya kizazi cha tano ilirudishiwa matundu yake mawili ya kumbukumbu. Mwaka huo huo ThinkPad P1 ilitumia LPCAMM2, kibao kipya chenye ile kumbukumbu ya umeme kidogo, ambacho hukazwa kwa skrubu na hutoka. Lakini kwa kuwa mpaka huo wahama, ndipo inapotupasa kuwa na maneno yanayoutaja popote ulipo, maana mnunuzi wa mashine mbili zinazofanana kwa jina na rangi hana njia nyingine ya kuujua kabla ya kulipa.

Ofisi ile ilileta hati yake ya pili mwaka jana, na safari hii tuliisoma tukiwa na fundi kando yetu. Kifungu cha kumbukumbu, ambacho zamani kilikuwa na maneno matano, kikasomeka hivi: "Kumbukumbu gigabaiti 16, ya kuchomeka, matundu mawili, moja liachwe wazi, mashine yenye kumbukumbu ya kulehemu isipokelewe isipokuwa imeagizwa ikiwa na gigabaiti 32 tangu kiwandani." Mfasiri wao alilalamika kwamba kifungu kimekuwa kirefu. Mhasibu hakulalamika.